Kadi ya Krismasi ya matabaka: kwa nini inachanika, inajikunja na haikai sawa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimenunua mashine ya kukata karatasi, na Krismasi hii nataka kutengeneza kadi za matabaka zenye zizi la Bethlehemu, nyota, mitende na wachungaji. Nimejaribu mara kadhaa. Majani ya mitende yanachanika, karatasi inatoka kwenye mkeka wa kunata wa mashine ikiwa imejikunja, na nikianza kubandika, tabaka moja linakwenda kushoto na jingine kulia. Hata ile moja niliyoikamilisha, ukiitazama kwa mbali huoni zizi, unaona rangi tu: anga la bluu, mitende ya kijani, zizi jekundu, nyota ya dhahabu. Na haiingii kwenye bahasha. Je, tatizo ni mashine yangu?

Jibu: Marahaba. Mashine yako haina neno. Iwe Cricut, Silhouette au ScanNCut ya Brother, zote hufuata mstari zilizopewa. Karibu kila ulichokitaja kinaanzia kwenye mchoro na kwenye karatasi, kabla hujaiwasha. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mchoro, maana hapo ndipo kadi inapopatikana au kupotea. Kisu, gundi na bahasha vitafuata.

Ifikirie kadi hii kama fremu nne zenye ukubwa uleule, zilizopangwa moja mbele ya nyingine. Kila fremu imebeba sehemu ya picha kwenye kingo zake, na katikati pameachwa wazi ili jicho lipenye mpaka fremu ya nyuma. Mbinu hii ni ya zamani kuliko mashine zetu. Mwaka 1843, Henry Cole alipotoa London kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, iliyochorwa na John Callcott Horsley, ilikuwa picha bapa. Lakini mwaka huohuo handaki la chini ya mto Thames lilifunguliwa kwa watu, na miongoni mwa kumbukumbu zake zilizouzwa kulikuwa na vitabu vya karatasi vya kuvuta. Ukichungulia kwenye tundu la mbele, unaliona handaki zima likienda mbali. Ndani yake hamkuwa na jambo kubwa: karatasi kadhaa zilizotobolewa katikati, moja nyuma ya nyingine. Zizi lako linahitaji hilohilo.

Anza na vipimo. Karatasi ya A5 ikikunjwa katikati inakupa kadi ya milimita 105 kwa 148, nayo inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162. Fremu zako zote ziwe 95 kwa 138, ili kadi ibaki na mpaka wa milimita 5 pande zote. Vipimo hivyo vina faida nyingine: A4 moja inatoa fremu 4, kwa hiyo A4 nne za rangi nne zinakupa kadi 4. Upana wa ukingo wa fremu usipungue milimita 7, kwa sababu nyuma yake ndipo patakapokaa kile kinachotenganisha tabaka na tabaka, na hakitakiwi kuonekana kwa mbele.

Sasa gawanya picha. Tabaka la nyuma kabisa ni anga. Halina uwazi isipokuwa nyota, ambayo unaitoboa na kubandika kipande cha karatasi ya njano nyuma yake. La pili ni vilima na nyumba za Bethlehemu zenye paa bapa, zikianzia chini na kuishia kwenye theluthi ya urefu wa kadi. La tatu ni zizi lenyewe: nguzo mbili, paa, Mariamu na Yusufu wamepiga magoti, hori kati yao. La mbele ni mitende miwili, mmoja kila ubavu, na wachungaji na kondoo wao chini, wakielekea katikati. Ukipenda kuongeza mamajusi, waweke kwenye vilima, wawe wadogo, wangali njiani. Usiende zaidi ya matabaka manne kwa kadi za mwanzo. Nimeona kadi za matabaka saba na nane ambazo hazikuonyesha kitu ambacho manne yangeshindwa kuonyesha, na zote zilikuwa nene kupita kiasi.

Kanuni ya mchoro wa namna hii ni moja tu: kila kitu kishike fremu. Kisichoshika kitabaki kwenye mkeka. Paa la zizi lishike nguzo, nguzo zishike ardhi, ardhi ishike kingo za fremu kushoto na kulia. Yusufu apige magoti juu ya ardhi hiyo, asielee. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kwenye programu ya kuchorea, kukusanya maumbo si sawa na kuyaunganisha. Ukiyakusanya, yanasogea pamoja kwenye skrini na yanaonekana kitu kimoja, lakini kila umbo bado lina mstari wake. Kisu kitafuata mistari yote, kitapita pale goti la Yusufu linapokutana na ardhi, na Yusufu ataanguka. Unatakiwa utumie amri ya kuyeyusha maumbo yawe umbo moja. Ili kuhakikisha, ondoa rangi za ndani ubakize mistari mitupu, kisha likuze lile eneo. Ukiona mstari unakatiza chini ya goti, hapo hapajaungana.

Kabla ya kugusa karatasi nzuri, kata matabaka yote manne kwa karatasi ya kawaida ya printa na uyapange juu ya meza. Utaona mara moja kama mtende unamfunika Mariamu, kama paa la zizi linaiziba nyota, kama kondoo wamekuwa wakubwa kuliko wachungaji. Picha ya kwenye skrini haikwambii hayo.

Tuje kwenye mitende inayochanika. Ncha ya kisu cha mashine hizi imekaa kando kidogo ya mhimili wake. Kisu hakisukumwi, kinaburutwa, na ncha hugeuka kwa kufuata inakovutwa. Kwenye mviringo mpana hugeuka taratibu. Kwenye kona kali hulazimika kuzunguka palepale, ikiwa bado imezama ndani ya karatasi. Ncha ya jani la mtende ndiyo kona kali kuliko zote, na ndipo karatasi ilipo nyembamba kuliko pote. Nyuzi za karatasi zinavutwa kabla hazijakatwa, na jani linatoka na ncha yenye manyoya, au linang'oka kabisa. Kubadilisha kisu hakutakusaidia kama mchoro umebaki uleule.

Lichore jani upya. Ncha zake zifanye butu, za mviringo mdogo. Sehemu yoyote ya picha isiwe nyembamba kuliko milimita 1.5, na mahali jani linaposhikana na shina pawe na milimita 2 au zaidi. Punguza pia idadi: mtende wenye makuti saba mapana, kila kuti likiwa na mipasuko michache ubavuni, unasomeka kuwa mtende hata ukiutazama kutoka upande wa pili wa chumba. Ukiweka makuti ishirini membamba, kwenye kadi ya ukubwa huu utapata kitu kama brashi.

Kama mitende hiyo uliipata kwa kuiambia programu ifuatilie picha au fotografia, hapo kuna tatizo la pili. Ufuatiliaji wa aina hiyo huacha mamia ya nukta kwenye mstari mmoja, na mstari unakuwa na mikunjo midogo ambayo macho hayaioni. Kisu kinaiona yote, kinayumba kwenye kila nukta. Tumia amri ya kurahisisha mstari, au chora juu yake kwa mkono ukiwa na nukta chache. Inkscape ni programu ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri, nayo huhifadhi mchoro kwa muundo wa SVG. Angalia tu kama programu ya mashine yako inaupokea, maana baadhi hudai toleo la kulipia. Kama mchoro umeupata kwa mtu mwingine, soma masharti yake: wengi wanaruhusu kadi za kutuma kwa ndugu na marafiki, lakini si kadi za kuuza.

Baada ya hapo ndipo tunapokigusa kisu. Kwenye kona ya karatasi ileile utakayoitumia, kata mraba wa sentimita moja wenye pembetatu ndogo ndani yake. Ukitoka safi, endelea. Usipotoka, usiongeze nguvu kwanza. Punguza kasi, na uiagize mashine ipite mara mbili kwa nguvu ndogo badala ya mara moja kwa nguvu kubwa, kwa maana mgandamizo mkubwa ndio unaozivuta nyuzi. Kama programu yako inakuruhusu kupanga mfuatano, iagize ikate matundu ya ndani kwanza na mstari wa nje mwisho. Fremu ikishakatwa kwa nje, haijashikwa tena na karatasi iliyobaki, na inaweza kusogea kidogo wakati matundu bado hayajakamilika. Kisu chenyewe kikiwa na vumbi la karatasi, kitoe na ukichomeke mara kadhaa kwenye kipande cha foili ya alumini kilichofinyangwa. Uchafu utatoka. Kisipobadilika, kimekwisha makali, weka kingine.

Karatasi. Kwa matabaka, tumia manila laini ya gramu 200 hadi 220 kwa mita ya mraba. Kwa kadi ya chini inayobeba kila kitu, tumia ya gramu 300. Hakikisha rangi imeingia mpaka ndani. Kuna manila iliyotiwa rangi juu tu, na ndani ni nyeupe. Kwenye kadi ya kawaida haidhuru, lakini kwenye matabaka kila ukingo unaonekana, na utapata mistari myeupe kuzunguka kila kuti. Chana kona uone. Karatasi yenye uso wa mabonde mabonde na ile ya kumetameta ziepuke kwenye sehemu zenye umbo dogo. Ya kumetameta humaliza makali ya kisu upesi, nayo huacha chembe kwenye mkeka.

Kujikunja kwa sehemu kubwa kunatokana na namna unavyoitoa karatasi. Ukiushika mkeka ukaivuta karatasi juu, unaipinda, nayo inabaki na pindo hilo. Fanya kinyume. Geuza mkeka kifudifudi, karatasi ikiwa chini imegusa meza, kisha upinde mkeka kwenda juu huku karatasi ikibaki imelala bapa. Unaubandua mkeka, huibandui karatasi. Kwenye mitende, saidia kwa kitu bapa chembamba ukikipitisha chini ya jani. Kama mkeka ni mpya na unanata kupita kiasi, ugandamize mara chache kwa kitambaa safi cha pamba kisichoacha manyoya. Kama umezeeka, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uache ukauke wenyewe. Na kabla ya kukata, pitisha rola au kiganja juu ya karatasi yote, kwa sababu mahali pasiponata vizuri ndipo karatasi inaponyanyuka na kuchanika.

Kadi ya chini nayo ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde karatasi kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo wa kadi uende na nyuzi hizo, usizikatize, vinginevyo utapasuka kwenye ukingo. Piga kwanza alama ya mkunjo kwa kalamu butu ya mashine isiyo na wino, au kwa kalamu ya wino iliyokauka na rula. Upande wa pili kutatokea kinundu chembamba: kunja ili kinundu kibaki ndani. Mkunjo uwe ubavuni kama wa kitabu. Kadi iliyokunjwa kwa juu, ikibebeshwa matabaka upande mmoja, hutanuka na kuteleza inaposimamishwa.

Sasa nifike kwenye lile lililonigusa zaidi katika swali lako, kwamba zizi halionekani. Kina cha kadi hakiletwi na wingi wa rangi. Kinaletwa na tofauti ya mwanga kati ya tabaka na tabaka. Itazame milima asubuhi yenye ukungu: ulio karibu umekoza, unaofuata umefifia, wa mwisho unakaribia kulingana na anga. Macho yetu yamezoea kuusoma umbali kwa namna hiyo. Wewe umeweka bluu nzito nyuma, kijani nzito mbele, nyekundu nzito katikati. Zote zina uzito mmoja, kwa hiyo jicho linaona madoa ya rangi na halijui lipi liko mbele.

Chagua rangi moja kwa ngazi nne. Kwa kadi yako ningechukua bluu. Anga liwe bluu hafifu mno, vilima bluu ya wastani, zizi bluu iliyokoza, na mitende na wachungaji bluu ya usiku inayokaribia weusi. Utasema usiku anga ni jeusi. Ni kweli, lakini usiku huu una nyota, na mwanga ukitoka nyuma kila kilicho mbele yake kinajichora chenyewe. Kuna sababu nyingine ya kiufundi: kivuli huonekana kikiangukia karatasi nyepesi. Mtende uliokoza ukisimama mbele ya tabaka jepesi, kivuli chake kinaonekana, na kivuli hicho ndicho kinachomfanya mtu anyooshe kidole kugusa. Ukigeuza mpangilio, vivuli vyote vinamezwa.

Njano uitumie mahali pawili tu. Ya kwanza ni nyota. Ya pili ni hori: toboa umbo dogo la mtoto aliyelala, ubandike karatasi ileile ya njano nyuma yake. Kadi nzima ikiwa ya bluu, jicho litaanza kwenye nyota, litashuka horini na kukaa hapo, na habari ya Krismasi itakuwa imesimuliwa bila neno lolote. Sura za watu usizichore. Kwenye umbo dogo la karatasi, kichwa kilichoinama kinasema kuliko macho na mdomo. Nyekundu na kijani unazozipenda ziweke ndani ya bahasha, kama bitana.

Ili kuwa na hakika na ngazi zako, weka karatasi nne pamoja, zipige picha kwa simu, na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Karatasi mbili zikilingana kwa kijivu, badilisha moja, hata kama machoni ni rangi tofauti kabisa.

Kubandika. Bandika rula mbili kwenye meza kwa tepu, zikiwa pembe mraba; kona ya karatasi mpya ya A4 itakuonyesha kama pembe imekaa. Anza na tabaka la mbele, ukililaza kifudifudi, likisukumwa mpaka kwenye kona ya rula. Bandika vitenganishi nyuma ya kingo zake, kisha laza tabaka la zizi juu yake, nalo kifudifudi na likisukumwa kwenye kona ileile. Endelea hivyo hadi anga. Kwa kuwa fremu zote zina ukubwa mmoja na zote zimeegemea kona moja, hakuna linaloweza kwenda kushoto wala kulia. Kama kitenganishi chako ni tepu ya sponji, hushika papo hapo na haikupi nafasi ya kurekebisha, kwa hiyo weka tone dogo la gundi nyeupe juu yake. Utapata sekunde chache za kusogeza. Gundi hiyo itumie kwa uchache, kwa matone ya ncha ya sindano. Maji yake ndiyo yanayoivimbisha karatasi.

Kuhusu vitenganishi vyenyewe, mimi napenda karatasi kuliko sponji. Mabaki ya manila yakate vipande vya upana wa milimita 5, uvibandike vitatu vitatu, kimoja juu ya kingine. Manila ya gramu 220 ina unene wa takriban milimita 0.3, kwa hiyo vitatu vinakupa karibu milimita 1. Havibonyei kadi zikilaliana kwenye furushi, nawe unatumia kile ambacho kingetupwa.

Hesabu hiyohiyo inaeleza habari ya bahasha. Matabaka manne ni milimita 1.2, kurasa mbili za kadi ya chini karibu 0.8, na nafasi tatu za milimita 1 zinafanya jumla iwe 5. Kama ulitumia sponji ya milimita 3, nafasi hizo pekee zilikuwa 9, ndiyo maana bahasha ilikataa. Unene unahesabika posta pia: Uingereza barua ya kawaida haitakiwi kuzidi milimita 5, Marekani ni robo inchi, na kwingineko ni vizuri uulize kabla hujakata kadi zote. Ukihitaji kupunguza, bandika vilima moja kwa moja juu ya anga bila nafasi. Vya mbali havipotezi kitu vikiwa bapa. Nafasi inahitajika zaidi kati ya zizi na mitende. Kwa njia hiyo unene wa kadi nzima utabaki milimita 4.

Ukiwa na kadi nyingi, kata tabaka moja la kadi zote kabla ya kwenda jingine, ili usibadilishe karatasi na mipangilio kila mara. Na salamu zako ziandike ndani ya kadi ya chini kabla ya kubandika matabaka juu yake. Yakishabandikwa, kadi hailali tena sawa mezani, na mwandiko unapanda na kushuka.